Dogo kaniletea jezi nibandue jina la CHAMA, halafu anataka kuhamia Yanga. Nifanyeje wakuu?

fundi_wa_mjimpya

Wakuu, habari za majukumu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, Mji Mpya. Nina mtoto wa kiume, miaka 9, yuko darasa la tatu. Jumatatu, tarehe 1 Julai 2024, Yanga wakamtangaza Clatous Chama, kiungo wetu wa Simba. Jumanne dogo katoka shule, hata viatu hajavua, kapitiliza chumbani, kisha huyo kaja na jezi yake ya Simba. Kaitandaza juu ya meza ya kukatia, mgongo juu.

"Baba, bandua."

Nikajifanya sijaelewa. "Nibandue nini?"

"Jina. Yuko Yanga."

Nilikuwa nashona sare za kwaya, mashine inatembea. Sindano ikatoka nje ya upindo na sikushtuka mpaka nimeshaharibu kama shubiri nzima. Nikaanza kufumua. Yeye kasimama tu pale, hatikisiki. Halafu akamalizia: "Na ukipata hela uninunulie ya Yanga."

Ile jezi nilimnunulia mwaka jana kabla ya Simba Day. Ilikuja haina jina. Herufi nilizikata mwenyewe kwenye plastiki nyeupe, nikazibandika kwa pasi ya mkaa, CHAMA juu na 17 chini. A ya mwisho imekaa upande kidogo kwa sababu umeme ulikatika nikawa namalizia kwa tochi ya simu. Ameivaa mpaka imepauka. Mama yake anaifua usiku ikauke ndani, maana ikianikwa nje mchana mtoto anakaa chini ya kamba kuisubiri.

Sasa kabla hamjaniambia "mtandike", nisikilizeni. Mtoto huyu amezaliwa 2015. Mimi nikikaa kijiweni nasema sisi tulichukua ubingwa mara 4 mfululizo, 2018, 2019, 2020, 2021. Nasema Al Ahly walikuja Kwa Mkapa wakafungwa na Kagere 2019, wakarudi 2021 Luis Miquissone akawapiga lile kombora. Nasema AS Vita, dakika za mwisho kabisa, Chama, tukaingia robo. Yeye anaitikia "ndiyo baba" kama anavyomwitikia babu yake akisimulia habari za treni. Hakumbuki hata moja. Akili yake imeanza kushika mpira Yanga wakiwa mabingwa 2022, wakarudia 2023, na mwaka huu tena. Kwake yeye Simba ni timu ambayo baba anaisema vizuri na inafungwa.

Na msimu huu ndio umemmaliza. Tarehe 5 Novemba nilimchukua mwenyewe kibandani wanapoonesha mpira, nikamlipia kiingilio, nikamkalisha kwenye kreti la soda mbele kabisa aone vizuri. Akaona vizuri. Yanga wakatupiga 5-1. Bao la nne nilimwambia twende nyumbani, akakataa, akasema labda Kibu wetu atafunga tena. Kesho yake shuleni walimsubiri getini na vidole vitano juu. Hiyo ni kawaida, na mimi nilivinyoosha vya kwangu 2012 tulipowapiga 5-0. Lakini mwezi mzima, mwalimu akiandika ubaoni 5 toa 1, darasa zima linageuka kumwangalia yeye.

Nikamwambia vumilia, tuna Ligi ya Mabingwa, Al Ahly wakatufunga hapa na kwao. Nikamwambia basi Kombe la FA, Aprili tukatolewa na Mashujaa kule Kigoma kwa penalti. Nikamwambia duru ya pili tunawalipa Yanga, Aprili hiyo hiyo tukafungwa 2-1. Nikamwambia angalau nafasi ya pili, tukalingana na Azam pointi 69, wakatupita kwa mabao. Mpaka nikawa sina tena cha kumwambia. Sasa tunaenda Kombe la Shirikisho, lile lile ambalo mwaka jana Yanga walipofika fainali sisi tulikuwa tunaliita kombe la walioshindwa. Dogo analikumbuka hilo neno. Kaniuliza: "Baba, sasa walioshindwa ni sisi?"

Alichokuwa amebakiwa nacho ni Chama. Alikuwa anasema, "tumefungwa lakini Chama yuko." Sasa hayuko.

Maswali yangu ni mawili. La kwanza, nimwache ahame? Mimi Simba sikurithi kwa mtu, baba yangu alikuwa hapendi mpira kabisa. Niliikuta mwenyewe 2003 nikiwa na miaka 12, kwenye redio ya jirani, siku tulipowatoa Zamalek kwao Misri. Kaseja anapangua penalti, Christopher Alex anapiga ya mwisho, na mimi nimeshika ukuta wa mtu. Hakuna aliyeniambia nishabikie. Kwa hiyo naona kama sina haki ya kumlazimisha mtoto.

La pili ni langu mwenyewe. Nyie mnaishije na msimu kama huu? Mimi nimefikia mahali wateja wa Yanga wakileta suruali kupunguzwa, nawaambia njoo Alhamisi, wakati kazi ni ya dakika kumi.

Jezi bado iko mezani. Sijaigusa.

mihogo_na_chachandu

Pole kaka. Hiyo ya njoo Alhamisi nimecheka peke yangu.

Mimi nauza mihogo ya kukaanga Mbagala, jiko langu linapakana na kibanda umiza. Simba damu. Tangu Jwaneng Galaxy watutoe hapa hapa kwetu 2021, tena baada ya kuwafunga 2-0 kwao, niliapa sitaangalia tena mechi kwa macho. Nasikiliza ukuta. Ukisikia mabenchi yanaburuzwa na watu wanapiga mabati, ni bao. Kujua la nani unatazama anayetoka nje. Yanga anatoka mbio na shati mkononi. Simba anatoka taratibu, anajifanya anaongea na simu.

Ile siku ya 5-1 nilihesabu mabati mara sita. Mara ya pili walitoka wetu, Kibu karudisha, nikamzidishia mteja vipande viwili vya mhogo bila yeye kuomba. Baadaye mhogo ukaniungulia. Mara ya nne na ya tano zilikuja karibu karibu mno, nikadhani wanarudia kuonesha. Kipenga kilipolia, wa Simba hakuna hata mmoja aliyenunua kitu. Wa Yanga walikula mpaka chachandu ikaisha, wengine wakaninunulia na mimi soda. Nilikunywa. Siku hiyo niliuza vizuri kuliko siku zote mwaka mzima, na nilikwenda kulala na hasira.

Mtoto usimlazimishe kitu. Ila na jezi ya Yanga usimnunulie haraka. Mwambie asubiri Agosti. Akikuuliza kwa nini, mwambie fundi hajamaliza kazi, njoo Alhamisi.

mwana_jangwani_tmk

Hodi kwa watani. Nimeingia kwa heshima, msinifukuze.

Mtani fundi, kwanza mteja wa Yanga mhudumie, suruali haina kosa. Pili, huyo mtoto msituletee. Nasema kweli. Leo anakuja kwa sababu ya Chama na makombe, kesho tukianza kuyumba si atakwenda Azam? Sisi Mamelodi walipotutoa kwa penalti Aprili nililala na viatu. Wewe hujaona mwananchi akiumwa.

Nyie mna miaka mitatu tu bila ubingwa. Sisi tulikaa minne, tena tukiwa hatuna kitu. Mmesahau bakuli? Kocha wetu Zahera mwenyewe anahamasisha watu wachange, tunatuma elfu moja moja kwa simu, na nyie mnapita vijiweni mnatutupia sarafu chini. Mimi nimerushiwa shilingi hamsini hapa Temeke na mtu ambaye ni shemeji yangu. Ile hamsini ninayo. Nimeitoboa nimeifanya ya kuwekea funguo, na siku ya 5-1 nilimtumia picha yake, bila neno lolote.

Na hilo la Chama, mnalia kana kwamba nyie ndio wa kwanza. Machi 2020 Bernard Morrison kawafunga kwa faulo, nchi nzima imesimama, mimi nimebebwa juu juu. Julai mkatupiga 4-1 nusu fainali ya FA. Agosti, Morrison huyo kavaa nyekundu! Binti yangu alikuwa na bango lake ukutani, kalipigilia kwa misumari. Unajua alifanya nini? Hakulitoa. Alilichora ndevu na pembe. Miaka miwili baadaye jamaa akarudi kwetu, ikabidi tufute pembe kwa kifutio.

Kwa hiyo mtani bandua taratibu, usichane kitambaa.

daftari_la_msimu

Naona tunaleta huzuni wakati tunahitaji hesabu.

Mimi ni Simba, mechi zote naandika kwenye daftari. Fundi, mwambie mwanao ukweli kwamba kilichotuua si Chama kuondoka, maana msimu wote alikuwepo. Tumeanza na kocha Robertinho, ambaye Agosti alitupa Ngao ya Jamii pale Mkwakwani, Ally Salim akapangua penalti za Yanga kama anafukuza nzi. Baada ya tano akaondoka. Akaja Benchikha. Huyu ndiye aliyekuwa USM Alger walipowanyima Yanga kombe 2023, sote tukasema dawa imepatikana. Desemba tukawapiga Wydad 2-0, Onana yote mawili. Machi tukawapiga Jwaneng 6-0. Sita! Deni la 2021 lote na riba. Mwanao hiyo aliiona? Mbona hujaiandika?

Aprili naye akaaga. Juma Mgunda akamalizia. Timu iliyopita mikono hiyo yote ndani ya msimu mmoja haiwezi kuwa na mchezo mmoja. Angalia pia miguu yenyewe. Bocco, Saido, hawa walitubeba, nawaheshimu, lakini daftari langu linaonesha mechi ngapi tulikuwa tunaongoza tukachoka. Waliobomoa ni waliokaa mezani, kila dirisha wananunua watano na kuacha wanne, kama mtu anayeziba paa kwa kutoboa ukuta.

Sisi tulikuwa tumelewa robo fainali. Kila mwaka robo, tunashangilia, watani wakatupa jina la Mwakarobo na bado tukaliona sifa. Ligi ya ndani tukaichukulia kama kazi ya msaidizi. Ubingwa unachukuliwa siku za Jumatano, kwenye uwanja wenye mashimo, unashinda 1-0 unarudi na malaria.

miwa_ya_turiani

Nimesoma mpaka hapa nimenyamaza. Fundi, sisi ni wa mkoa mmoja. Wewe unalia nafasi ya tatu.

Mimi ni Mtibwa.

Mwaka 1999 tulikuwa mabingwa wa nchi hii. Mwaka 2000 tukarudia. Timu ya kiwandani, uwanja uko Manungu, katikati ya miwa. Nilikuwa nabeba maji ya wachezaji kwenye madumu ya njano, na Simba na Yanga walikuwa wakija pale wanashuka kwenye basi wanaangalia miwa kama wamepotea njia. 2018 tumechukua Kombe la FA. Msimu huu tumemaliza wa mwisho. Tumeshuka daraja.

Hakuna anayetutania. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nyie mkifungwa nchi inazizima, mnanyooshewa vidole mpaka darasani. Sisi tulishuka, nikaenda dukani kununua chumvi, nikadhani mtu atasema neno. Muuzaji akaniuliza kama nina chenji.

Kijana wangu mkubwa ni Simba, wa pili Yanga. Sikumpata hata mmoja. Hivyo wewe mwenye mtoto anayekuletea jezi mezani na hasira machoni, bado unaye.

ingwe_wa_kakamega

Hamjambo majirani. Mimi ni shabiki wa AFC Leopards ya Kenya. Ligi mara ya mwisho tulichukua 1998. Tangu hapo tumekuwa tukitazama Gor Mahia wakibeba, na mwaka huu wamebeba tena, imefika 21.

Kijana wangu ana miaka 25. Ametahiriwa, ameajiriwa, analipa kodi ya nyumba, na hajawahi kuniona nikishangilia ligi. Bado tunaenda pamoja uwanjani. Tukitoka tunakula mahindi choma, tunamlaumu refa, tunarudi.

Miaka mitatu jamani!

mzee_wa_mdundiko

Vijana, shikamooni hamniamkii lakini nitasema.

Mimi nilikuwepo Uwanja wa Taifa Novemba 1993, fainali ya Kombe la CAF. Tulikuwa tumetoka Abidjan 0-0 na Stella. Nyumbani hapa tunataka bao moja tu. Watu walishaanza kusherehekea tangu Alhamisi. Mtaani kwetu Temeke tulichanga tukakodi ngoma ya mdundiko, tukalipa fedha yote mbele, ije saa mbili usiku kutupokea na kombe.

Boli Zozo akatufunga mawili. Mwameja yuko golini, bingwa kabisa, hakuweza kitu. Tuliondoka uwanjani maelfu ya watu na ukasikia kandambili tu zinavyopiga lami. Kiatu changu kimoja sikukiona tena.

Nafika nyumbani, saa mbili kamili, mdundiko huo! Wenyewe hawana habari na mpira, wamelipwa, wanapiga. Mwenyekiti wetu kawafuata kuwaambia waache, mkubwa wao kasema, "Fedha hatuna, tumeshanunua unga. Tutapiga." Wakapiga. Tulisimama pembeni kama saa nzima, watu wazima, tumevaa nyekundu na nyeupe, hakuna anayemwangalia mwenzake. Baadaye mama mmoja jirani, Yanga huyo, akatoka na kanga yake akaanza kucheza, akatuvuta mkono mmoja mmoja. Tulicheza mpaka saa tano.

Kombe la Afrika mpaka leo hatujalipata. Mtoto msimulie hiyo, fundi, hayo makombe manne yako umemchosha nayo.

fundi_wa_mjimpya

Wakuu nimerudi. Asanteni. Mzee, shikamoo, na utusamehe.

Ndugu wa daftari umenishika pabaya. Ile ya Jwaneng 6-0 dogo hakuiona. Ilikuwa Jumamosi, nilikuwa na oda ya harusi, nikamwambia tutaangalia nyingine. Kwa hiyo nimempeleka kwenye tano nikamwacha nyumbani kwenye sita. Nimeumia kidogo nilipojua hivyo.

Na ndugu wa Turiani, sina la kusema. Ukija mjini pita, nitakushonea chochote bure.

Jumapili nilifunga mapema. Nikawasha pasi, nikaweka karatasi ya kaki juu ya herufi, nikamwita akae pembeni yangu. Kazi yenyewe ni ya subira. Unalipasha joto, unainua karatasi, unashika ncha kwa kucha kabla haijapoa, ukivuta haraka unaondoka na nyuzi. C ikatoka nzima. H ikakatika. Wakati huo huo nikamsimulia mdundiko wa Mzee. Akauliza mdundiko ni nini, nikampigia kwenye meza kwa vidole, mama yake akaja mlangoni kuangalia tumepatwa na nini.

Nikamsimulia na yangu ambayo sijawahi kumwambia, kwa sababu nilikuwa naiona ya aibu. Mei 2018, tumeshatwaa ubingwa baada ya miaka sita ya njaa, hatujafungwa hata mechi moja ligi nzima. Nikapanda basi alfajiri Msamvu kwenda Dar kuona kombe. Rais Magufuli yuko jukwaani, ndiye anatukabidhi. Mpinzani ni Kagera Sugar. Tukafungwa 1-0! Mechi moja msimu mzima ya kufungwa, na ndiyo niliyolipia nauli.

Dogo alicheka mpaka akashika tumbo. "Ulienda Dar kufungwa?" Sijamwona akinicheka hivyo kuhusu Simba, tena kwa raha. Makombe manne hayakuwahi kumfanya hivyo.

A ya mwisho, ile ya upande, ndiyo iliyokataa kabisa kutoka. Tulipomaliza nikaikung'uta jezi, nikaiinua kwenye mwanga. Jina bado lipo. Kitambaa chote kimepauka na jua, isipokuwa pale palipokuwa pamefunikwa na herufi, nyekundu iko kama siku niliyonunua. CHAMA unaisoma vizuri kabisa, na ile A yake imeinama.

Akaitazama muda. Akasema, "Si umebandua?"

Nikamwambia nimebandua, hiyo ni rangi.

Kuhusu Yanga, aliniuliza jambo moja. Kama akihamia huko, Jumapili za mechi atakaa na mimi kibandani au atakaa upande wa pili na baba wa rafiki yake? Nikamwambia mimi nakaa nilipozoea, kreti lake litakuwepo, avae rangi anayotaka. Akafikiri. Akasema basi tusubiri kwanza, Simba wametangaza kocha mpya, Fadlu Davids, anataka amwone. Sijui kamjulia wapi, labda shuleni.

Nilitaka kuitoa na 17. Akaweka kiganja juu yake. Anasema namba ibaki, jina tutaandika Agosti akishajua nani kapewa.

Leo kaivaa kwenda dukani.

mwana_jangwani_tmk

Mtani, zile herufi usitupe. Nina jezi ya kijani hapa haina jina. Niwekee.

fundi_wa_mjimpya

Zimejikunja kama maganda ya kitunguu, mtani. Lete jezi nikukatie mpya, elfu tano.

Njoo Alhamisi.